Mtoto ameandikiwa omeprazole ya muda mrefu: nyumbani unampaje?

Nauza dawa Tandika, karibu na soko. Mama wenye watoto wa kiungulia wanaotumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, wakifika kaunta swali lao huwa moja: "Dokta, niongezee pakiti nyingine?" (Huku kwetu kila mvaa koti jeupe ni dokta.) Nami huwauliza: aliyekuandikia alisema hadi lini?

Tarehe hiyo iandike kwenye boksi. Kwa mtoto mwenye dalili za kawaida, yaani kiungulia, chembe ya moyo kuuma na chakula kupanda kooni, dawa hujaribiwa wiki 4 hadi 8, halafu anaangaliwa upya. Wanaoendelea miezi au miaka wapo, na wana sababu: mwenye mtindio wa ubongo, aliyezaliwa umio wake haujaungana na tumbo akapasuliwa, au ambaye kipimo cha kamera kimeonyesha vidonda kwenye umio. Kichanga anayecheua maziwa na uzito unapanda vizuri hayumo. Wengi wao huacha wenyewe wakifikisha mwaka, mwaka na nusu.

Sasa kumpa. Omeprazole huzima pampu za asidi zilizo kwenye ukuta wa tumbo, na pampu hizo huamka mtu anapokula. Kwa hiyo dawa itangulie chakula kwa nusu saa hadi saa nzima. Hapa ndipo mambo yanapoharibika. Mama anatoka alfajiri kuwahi gari la Kariakoo, mtoto anaachiwa bibi, anaamka anapewa uji, kapsuli inakumbukwa saa nne. Mpe mwenyewe kabla hujafunga mlango, bibi abaki na kazi ya uji tu.

Asiyeweza kumeza kapsuli, ifungue. Mimina chembechembe zote kwenye kijiko cha mtindi au juisi ya tufaha, ameze papo hapo bila kutafuna, kisha anywe maji. Usizitwange wala kuzisaga kwa kijiko. Kila chembe imevikwa ganda la kuikinga na asidi ya tumbo mpaka ifike kwenye utumbo. Ukilivunja, dawa inaharibika njiani. Maziwa na uji wa moto navyo hulilegeza ganda hilo mapema, kwa hiyo usichanganyie humo.

Tatizo jingine ni nusu kapsuli. Mtoto wa kilo 10 hadi 20 mara nyingi huandikiwa miligramu 10 kwa siku, na kapsuli zilizojaa madukani ni za 20. Kuna wanaomwaga chembe kwenye sahani na kuzigawa kwa macho. Mimi siruhusu. Omba kapsuli za 10, na zikikosekana rudi kwa daktari akuandikie namna nyingine. Ukienda, apimwe uzito upya. Wengine wamekua, dozi imebaki ya mwaka jana.

Kapsuli zikae kwenye pakiti yake, mbali na jiko na dirisha la jua. Joto na unyevu wa Dar haviihurumii dawa.

Ukiwa kliniki kwa matibabu ya muda mrefu, uliza kama kuna haja ya kupima madini ya magnesi, vitamini B12 na wingi wa damu. Dawa hizi pia huongeza uwezekano wa maambukizi ya tumbo na mapafu, kwa hiyo kuhara kusikokoma kusichukuliwe poa. Na kama mtoto anatumia phenytoin au diazepam kwa ajili ya degedege au kifafa, taja kabla ya kuanza: omeprazole inaweza kuzipandisha kwenye damu. Akianza kusinzia ovyo au kuyumba, mpeleke siku hiyohiyo.

Chakula sitakisema sana. Angalia tu ubuyu wa pilipili na embe bichi la getini shuleni; ukiona kimojawapo kinamwamsha usiku, kipunguze.

Akitapika damu, kitu cha kijani au cheusi kama masalia ya kahawa, akipata choo cheusi kama lami, au chakula kikikwama kooni, usisubiri tarehe ya kliniki.

Siku ya kuacha ikifika, daktari anaweza kuishusha dozi kidogo kidogo. Tumbo lililozoea dawa huweza kumwaga asidi nyingi kwa muda, kiungulia kikarudi, na mama akarudi mbio kununua. Si lazima iwe ugonjwa umerudi. Kama anakula na kucheza, vumilia kwanza. Kikizidi wiki mbili, pitia kliniki kabla hujapitia dukani kwangu.