Sikukuu inaliwa kwako? Usijichoshe

Ndugu wakishasema Krismasi tunakula kwako Kigoma, usikimbilie sufuria, shika simu kwanza. Kila mtu mpe kazi yake, shemeji soda na mkaa, wifi mchele, mama mkubwa mwachie mboga maana hata ukimnyima atakuja tu jikoni kuonja na kusema chumvi haijakolea.

Samaki ndo penye shughuli. Migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, wafuate asubuhi Kibirizi kwenye mwalo wa samaki, angalia macho yawe yanang'aa na mashavu kwa ndani mekundu, akishalegea tumbo achana naye. Mkaange jana yake akauke vizuri, siku yenyewe unampasha tu kwenye rosti ya nyanya na mawese kidogo, ila moto uwe mdogo na usikorogekoroge, mi nilikoroga wageni washakaa mkekani samaki wote wakavurugika, nikasema huu ni mchuzi mzito wakala kimya kimya.

Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wanaadimika na bei inapaa, kwahiyo cheki mwezi mapema ununue wakavu uweke.

Desemba mvua haina adabu, mkaa ingiza ndani. Vyombo wataosha wajomba.