Somo: Kuorodhesha zana za kanzidata yako kwenye FAIRsharing

Wengi wetu hapa Tanga tukimaliza kanzidata, tuseme ya samaki wanaoshushwa kwenye mwalo wa Deep Sea, tunaandikisha jina na anwani kwenye FAIRsharing, rejesta ya mtandaoni inayoorodhesha kanzidata, basi. Sehemu ya zana, yaani programu za kufanyia kazi data hiyo, inabaki tupu. Hapo ndipo mtafiti wa Mtwara anapokwama: data kaiona, hajui aichote vipi.

Hatua ya 1. Ingia FAIRsharing, ORCID yako (namba ya utambulisho wa mtafiti) inatosha. Tafuta kwanza kama kanzidata imeshaandikishwa. Ikiwapo, omba usimamizi wa rekodi hiyo, usifungue ya pili.

Hatua ya 2. Kabla ya kujaza chochote, chukua karatasi uandike kila programu inayokujia akilini. Kisha uliza moja moja: hii inaingiza, inakagua, inachota au inachambua data *hii*? Tazama OBIS, kanzidata ya kimataifa ya viumbe wa baharini. Kuna robis, kifurushi cha lugha ya R kinachochota rekodi zake moja kwa moja. Hiyo ni zana yake hasa. Kuna IPT, programu ya GBIF (mtandao wa kimataifa wa data za viumbe hai) ambayo wachangiaji huchapishia data yao, nayo inaingia. Excel je? Iache. Kila mtu anayo, na haina uhusiano wowote na kanzidata yako. MySQL, programu ya kuhifadhia kanzidata inayoendesha mambo huko ndani, nayo si ya msomaji. Rejesta nyingine, re3data, inayoorodhesha hifadhi za data, ndiyo yenye sehemu ya programu inayoendesha hifadhi, iandike huko.

Hatua ya 3. Jaza jina na kiungo. Jina liandike kama watunzi wanavyoliandika. Kiungo kifike kwenye zana yenyewe, si ukurasa wa mbele wa taasisi. Mimi niliwahi kuweka kiungo cha kompyuta ya mradi. Mradi ulipokwisha, kiungo kikafa, na watu wakaendelea kukibonyeza bure. Bado naumia nikikumbuka.

Hatua ya 4. Hifadhi. Wahariri wa rejesta wataipitia.

Maswali ya wanachama

*Pangani:* Shikamoo mwalimu. Nina programu niliyoandika mwenyewe ya kusafisha rekodi za samaki aina ya silikanti, iko kwenye laptopu tu. Niiorodheshe?

Marahaba. Bado. Iweke GitHub, tovuti ya kutunzia programu, kisha nakala yake Zenodo, hifadhi ya kudumu, ili ipate DOI, yaani kitambulisho cha kudumu. Ukibadilisha laptopu, zana itakuwepo. Halafu iorodheshe, maana hiyo inahitajika sana.

*Muheza:* Zana yetu ya zamani haifanyi kazi tena. Niiache kwa heshima ya aliyeitunga?

Hapana, ndugu yangu. Iondoe leo. Mchango wake utaje kwenye maelezo ya kanzidata.

*Chumbageni:* Watumiaji wetu ni maofisa uvuvi. Niandike Kiswahili?

Rekodi iandike Kiingereza, kwa kuwa rejesta nzima iko hivyo. Mwongozo wa zana uandike Kiswahili, na kiungo chake ukiweke sehemu ya msaada. Na majina kama changu na taa usiyafute kwenye data: Darwin Core, kiwango cha kupanga data za viumbe hai, kina safu ya majina ya kienyeji.