Namna ya kumkabidhi msaidizi kazi za chumba cha eksirei

Daktari mwenzangu, kama ripoti zinakulimbikia, angalia kwanza ni kazi gani zinazokuinua kitini kila mara. Mimi nilianza na kipimo cha kumeza bariamu, yaani mgonjwa hunywa dawa nyeupe inayoonekana kwenye eksirei, akitazamwa anavyoimeza. Kusoma picha ni suala jingine: Marekani, msaidizi wa radiolojia humweleza daktari bingwa wa kusoma picha alichokiona, ila ripoti ni ya bingwa, Uingereza wapo wapiga picha za eksirei waliosomea kuandika ripoti na huziandika wenyewe. Soma sheria ya leseni ya kwenu kabla ya kumwahidi mtu chochote.

Chagua mpiga picha mzoefu anayeuliza. Fundi wa mikono asiyependa kuita msaada hunitia hofu.

Kisha mpe kazi nzima, si vipande: ahoji mgonjwa, achague dawa ya kumeza ya kuonyesha viungo, apige picha, aandike alichoona. Kwenye dawa usiharakishe somo. Umio likishukiwa kutoboka, asianze na bariamu, maana ikivuja kifuani huleta uvimbe mkali. Hutumika dawa ya iodini inayoyeyuka majini. Lakini dawa hiyo ikiwa na mkolezo mkubwa, mgonjwa akapaliwa nayo, mapafu yanaweza kujaa maji. Mgonjwa mwenye hatari zote mbili ni wako. Msaidizi asimame, akuite, nawe uende.

Simama nyuma yake utazame mguu wake kwenye pedali ya kuwasha mionzi. Akigeuka kuzungumza na mgonjwa, pedali iachiwe. Mionzi isiendelee kutoka wakati hakuna anayetazama skrini. Picha ya mwisho inabaki pale, aitafakari hiyo.

Mipaka iandikwe ukurasa mmoja: anachofanya peke yake, anachofanya ukiwepo, na linalomlazimu kukuita. Maneno kama "akiona inafaa" yafute. Akishazoea, ongeza kutoa maji tumboni kwa kuongozwa na altrasaundi, akague mishipa ya damu ya ukuta wa tumbo kabla ya sindano.

Maelezo yake yasome picha ikiwa mbele yako, ndipo usaini. Mkitofautiana, mwite siku hiyohiyo mkae wote kwenye skrini; hapo ndipo anapojifunza kuliko darasani.

Mgonjwa aambiwe wazi kwamba anayemhudumia si daktari. Na cheo na mshahara wa msaidizi virekebishwe kabla hajaanza. Kumwongezea mtu dhima kwa malipo yaleyale ni dhuluma, na mimi sisaini mpango wa namna hiyo.