Kabla hujanunua prosesa, soma jina la mazabodi

Soketi, yaani sehemu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inapokaa prosesa, kufanana hakutoshi. Intel walitumia soketi ya LGA 1151 kwa vizazi 4 vya prosesa, cha 6 hadi cha 9. Core i5-7500 na i5-8400 zote zinaingia humo bila kulazimisha, lakini mazabodi yenye chipseti (chipu zinazoiendesha) ya H110 au B250 haiiwashi i5-8400; hiyo inataka chipseti ya mfululizo wa 300, kama H310. Inauma kuona mtu akipoteza pesa hapa.

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, usome mstari wa BaseBoard Product. Itafute modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, fungua orodha ya prosesa inazozikubali, na uangalie toleo linalotakiwa la BIOS, programu ya mazabodi inayowasha kompyuta. Kama lako ni la nyuma, sasisha BIOS wakati prosesa ya zamani bado iko kwenye mazabodi. Ukiitoa na kuweka mpya kabla ya kusasisha, kompyuta huenda isiwake kabisa.