Somo: Kukata na kuchonga chuma kwa biti za mashine ndogo

Siku za mbalamwezi wavuvi wengi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, hupumzika, maana taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi. Hapo ndipo karakana yangu inapojaa: propela zilizogonga mawe, nati zilizoganda kwa kutu, vyuma vya kushikia taa vyenye matundu yasiyolingana. Kazi nyingi kati ya hizo naimaliza kwa mashine ndogo ya mkononi inayozunguka kwa kasi na biti za kabaidi, yaani vichwa vidogo vyenye meno, vigumu kuliko chuma. Nawaandikia kwa sababu nimeona vijana wenye bidii wakivunja biti mpya siku ileile waliyoinunua, kisha wakalaumu duka. Wengi waliikandamiza tu.

Hatua ya 1: biti. Kwa chuma cha kawaida chukua yenye meno yanayokatana kama wavu. Inatoa vipande vifupi na haikurushi mkono. Kwa alumini chukua yenye meno machache na mapana. Umbo lifuate kazi: ya duara kwa shimo, ya mcheduara kwa ukingo ulionyooka, yenye ncha kwa kona.

Hatua ya 2: kufunga. Shina la biti liingie vya kutosha ndani ya koleti, yaani kibano cha mashine kinachoshika biti, libaki nje kidogo tu. Likichomoza sana, biti inayumba na shina linapinda. Ukiona inatetemeka kabla hata haijagusa chuma, zima, funga upya.

Hatua ya 3: kasi. Hapa ndipo penye kazi yote. Biti ndogo ya shina la milimita 3 inataka mizunguko kama 25,000 hadi 30,000 kwa dakika. Kichwa kikiwa kikubwa, punguza. Usizidishe kasi iliyoandikwa kwenye pakiti. Mashine ifike kasi yake kwanza, ndipo uguse chuma kwa wepesi, kama unayepaka rangi. Sauti ikishuka, umekandamiza. Peleka mkono kinyume na biti inavyozunguka. Ukiifuata, itapanda ukingo na kukuponyoka.

Hatua ya 4: propela. Kabla ya chochote, chomoa waya wa plagi ya injini, ndipo utoe pini na nati. Bana propela kwenye jiliwa katikati ya mbao mbili. Pengo dogo la ukingoni usiliache na kona kali kama herufi V, kwa kuwa ufa huanzia hapo. Lilainishe liwe mteremko mrefu, kisha malizia kwa tupa na msasa. Ondoa kidogo sana: panga (bapa) moja la propela likiwa jepesi kuliko mengine, boti itatetemeka na beringi zitaumia.

Nati iliyoganda ni kazi ya kisahani chembamba cha kukatia. Ingia wima, toka wima. Ukikipindisha ndani ya mkato kinapasuka, na vipande vyake huruka usoni.

Miwani ni lazima. Inachotoa kabaidi si unga, ni sindano. Nimewahi kutolewa moja kidoleni kwa wembe. Fagia kwa brashi, usipulize kwa mdomo. Glavu za kitambaa weka kando, zinanaswa.

MASWALI

Kutoka Kasulu: Fundi, shikamoo. Sina mashine hiyo, naweza kufunga biti kwenye drili ya kawaida?

Marahaba, mwanangu. Drili nyingi huishia mizunguko 3,000 kwa dakika. Meno yatadunda badala ya kukata, na kabaidi ni ngumu lakini haipendi kugongwa, itameguka. Kama ni tundu moja la kupanua, tumia tupa ya duara.

Kutoka Ujiji: Biti yangu imejaa alumini, meno hayaonekani kabisa. Niitupe?

Usitupe. Toa alumini kwa brashi ya waya, mashine ikiwa imezimwa. Safari nyingine ipake nta ya mshumaa kabla ya kuanza, na urudie kila baada ya muda mfupi.

Kutoka Uvinza: Nina biti za almasi za kutobolea vioo. Zinakata chuma?

Zihifadhi kwa vioo na vigae. Kwenye chuma laini zinaziba, na joto likipanda almasi yenyewe, ambayo ni kaboni, huliwa na chuma.

Kutoka Katonga: Panga la propela limekatika kipande cha vidole viwili. Biti itatosha, kaka?

Hapana, ndugu yangu. Hapo pelekea fundi wa kuchomelea alumini kwa gesi ya argoni ajaze kwanza. Akimaliza niletee, tutalichonga lilingane na mengine.