Namna ya kuomba uzamili wa uhusiano wa kimataifa wa China ukiwa Nairobi

Tafuta swali kwanza, chuo baadaye. Vijana wanaoniomba niwasomee barua zao za maombi huandika "napenda diplomasia", nami huwatuma Barabara ya Mombasa wakaitazame ile barabara ya juu. Reli ya SGR, iliyofunguliwa 2017, ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China. Barabara ya juu, ya 2022, kampuni ya Kichina iliigharimia na hujilipa kwa ada za magari. Hasara ikitokea, mzigo ni wa nani? Hilo ni swali la uzamili, na wewe unaliishi kila siku.

Ukishalipata, SOAS, chuo kikuu cha London, inafaa sana kwa anayetaka kusoma China na Afrika pamoja. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, unadai uwe umefanya kazi saa 2,800, kwa hiyo tunza barua za waajiri. Ufadhili wa Schwarzman, pale Chuo Kikuu cha Tsinghua jijini Beijing, ni wa uzamili wa mwaka mmoja kwa Kiingereza.

Lakini jifunze Kichina hata hivyo, nakusihi. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza Afrika, ipo tangu 2005. Anayesoma taarifa za Beijing kwa tafsiri pekee huona kile alichochaguliwa.

Barua za walimu ziombe mapema. Mpelekee mhadhiri insha uliyomwandikia zamani, ili akukumbuke kwa kazi yako.