Zabibu za moto na ndizi, sufuria moja na jiko lolote ulilonalo

Mbukwenyi jamani. Baridi ya Dodoma mnaijua, mchana jua kali halafu likizama tu ule upepo unaanza kupenya mpaka chini ya mlango, mtu ashakula ugali wake na mlenda, katulia, anataka kitu kitamu cha moto cha kushushia ila oveni hana na kukanda unga saa mbili usiku hataki. Basi hiki ndo chake. Zabibu zinapikwa mpaka zinatoa rojo zenyewe, ndizi zinaingia mwishoni, uzito unaletwa na unga wa ubuyu badala ya konflaua, halafu juu unatupia maandazi ya jana yaliyokaangwa na karanga ili kuwe na kitu cha kutafuna. Kazi ya jikoni ni kama nusu saa hivi, ukitoa muda wa zabibu kukaa na sukari.

Tuanze na zabibu zenyewe maana hapo ndo kila kitu kilipo. Sisi wa huku kati tuna bahati, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kuna msimu wa Februari mpaka Aprili hivi na kuna wa Agosti na Septemba, na msimu ukikolea unazikuta kila kona, sokoni Majengo, stendi kwa wale vijana wanaozipandisha madirishani kwa abiria, barabara ya Iringa kule Mpunguzi, upande wa Arusha kule Veyula na Makutupora. Sasa usikimbilie zile kubwa za kutoka nje zisizo na mbegu zinazokaa kwenye friji za supamaketi, hizo kula hivyohivyo, ukizipika zinabaki utamu mtupu. Tafuta nyeusi zetu, Makutupora Red, hiyohiyo inayopelekwa viwandani kutengenezwa mvinyo, ina kaukali fulani na ganda gumu, na hilo ganda ndo linalotoa rangi. Nyeupe za Chenin Blanc nazo zinakubali ila rojo lake linakuwa limefifia kama chai ya rangi iliyochujwa mara ya pili, kwa macho halivutii, kwa ladha sina ugomvi nalo.

Ukiwa unanunua angalia kikonyo. Kikiwa bado kibichi zimechumwa juzijuzi, kikiwa kimekauka kimekuwa kahawia na punje zinadondoka ukitikisa kidogo tu ujue zimekaa. Kwa kupika hizo za kukaa siku mbili tatu si mbaya na muuzaji atakupunguzia bei, we mwambie tu dada hizi zimeanza kulegea, ila zikishatoa harufu ya pombe achana nazo. Na uzioshe kwelikweli, mizabibu inapigwa dawa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na vumbi letu halihitaji maelezo, loweka kwenye beseni, zisugue kwa mkono, mwaga maji, rudia.

Kwa watu wanne hivi unahitaji zabibu nusu kilo, ndizi mbivu tatu, sukari vijiko vitatu vya chakula (weka na akiba pembeni), iliki punje nne zilizopondwa, kijiti kimoja cha mdalasini, chumvi ya kushika kwa vidole viwili, na unga wa ubuyu vijiko viwili vya chakula. Za juu ni maandazi mawili yaliyolala, karanga za kukaanga konzi moja, siagi kijiko kimoja, na sukari kidogo tena. Wenye asali ya Manyoni au Tabora wanaweza kupunguza sukari, ila asali weka mwishoni ukishatoa motoni, ukiichemsha pamoja na matunda ule uzuri wake wote unaishia hewani na unakuwa umetumia kitu cha gharama kufanya kazi ya sukari.

Chambua zabibu kutoka kwenye vikonyo. Tenga konzi moja pembeni, zile nzurinzuri, zikate katikati na uchokoe mbegu kwa ncha ya kisu, hizi zitaingia mwisho. Zilizobaki zitie kwenye sufuria nzito, mwagia sukari na chumvi, ziminye kidogo kwa mwiko ili baadhi zipasuke, funika uziache dakika ishirini ukafanye mambo yako. Ukirudi utakuta chini kuna maji ya zabibu. Hayo ndo utapikia. Maji mengine usitie, nasisitiza kwa sababu mkono wa Mswahili jikoni ukiona sufuria kavu unaenda kwenye jagi wenyewe. Zabibu zina maji ya kutosha, ukiongeza utapata supu, halafu maji ya bomba ya huku yana kachumvi kake, anayekunywa chai Dodoma mara ya kwanza anakijua, sasa kwa nini ukalete hicho kwenye kitu kitamu.

Bandika moto mdogo. Gesi weka jicho dogo na ushushe, mkaa subiri ushike wote kisha funga kale kamlango ka chini, na kama bado unawaka sana funika makaa na majivu. Tia mdalasini na iliki, funika. Dakika tano za kwanza usifunue ovyo, baada ya hapo utasikia zinapasuka, funua, ponda na mwiko kwa kukandamiza kwenye ukuta wa sufuria, acha zichemke taratibu dakika kumi hivi mpaka maganda yamelegea na rojo limekuwa zambarau iliyokolea. Jikoni patanuka mpaka jirani ataulizia.

Sasa mbegu. Kuna watu hapa wanakimbilia blenda, tafadhali sana, mbegu ya zabibu ikisagwa inatoa uchungu na hakuna sukari itakayouondoa. Chukua chujio la kuchujia juisi, liweke juu ya bakuli, mimina, kandamiza na kurudisha kwa nyuma ya kijiko mpaka kinachobaki juu ni mbegu na maganda makavu tu. Usichoke mapema, kale karojo kazito kanakogoma kushuka ndo kenyewe, na ukwangue chini ya chujio pia maana panaganda palepale. Kijiti cha mdalasini kiokote ukirudishe. Ukishachuja onja. Kama kaukali kamezidi ongeza sukari sasa, ila kumbuka ubuyu nao una uchachu wake kwa hiyo iache iwe tamu kidogo kuliko unavyopenda.

Rudisha rojo motoni, tia ndizi. Kuhusu ndizi, mzuzu mbivu wenye madoa meusi ndo bora, haivunjiki, ikate vipande vinene kama kidole gumba na uipe dakika nane mpaka kumi. Kama unazo kisukari tu poa, ila hizo dakika mbili tatu zinatosha na usikoroge, tikisa sufuria kwa mishikio, ukikoroga utaishia na uji wa ndizi wa rangi ya ajabu. Zile zabibu ulizotenga zitupie dakika ya mwisho, zinatakiwa zipate moto tu zisivurugike.

Ubuyu ni ule unga mweupe unaotoka kwenye buyu lenyewe, siyo zile mbegu za rangi nyekundu zenye sukari na pilipili za watoto wa shule. Huku mibuyu imejaa tele, sokoni unauzwa unga tayari, au nunua mabuyu upasue, utwange tembe zake taratibu kwenye kinu, uchekeche. Watu wanaujua kwenye uji na juisi lakini kwenye rojo la matunda unafanya kazi nzuri kuliko konflaua, una ile asili ya kuganda kama jemu na unaongeza ladha badala ya kuipunguza. Konflaua inazimisha zabibu, unaanza kuonja wanga. Teka rojo kidogo kwenye kikombe, liache lipoe kidogo, tia ubuyu huku unakoroga mpaka mabonge yaishe, halafu epua sufuria ndo umimine. Baada ya hapo usichemshe tena. Rangi itageuka kutoka zambarau ya giza iwe ya waridi iliyochafuka kidogo, usishtuke, ndo ilivyo. Acha itulie dakika tano, inazidi kushika uzito ikipoa kwa hiyo usiongeze ubuyu kwa pupa.

Wakati inatulia shughulikia za juu. Maandazi yaliyolala Dodoma hayahitaji kukaushwa, hewa yetu imeshafanya kazi hiyo, asubuhi ni laini jioni unaweza kumrushia mwizi. Yavunje vipande vidogodogo, vingine viwe kama punje za mahindi vingine vikubwa kidogo, usiyasage yakawa unga. Yeyusha siagi kwenye kikaango, tia maandazi, geuzageuza kwa moto wa wastani mpaka yaanze kuwa ya dhahabu, hapo tia karanga ulizozitwanga mara mbili tatu tu kwenye kinu na kijiko kimoja cha sukari. Sukari ikianza kuyeyuka na kung'ang'ania kwenye maandazi epua palepale na umwage kwenye sahani, kikaango chenyewe bado kina moto na kinaendelea kuunguza ukiwa umegeuka kujibu simu. Huna maandazi? Mkate mkavu au biskuti za kawaida zinafaa. Chapati ya jana hapana, inakuwa ngumu tu, haivunjiki vizuri mdomoni.

Pakua kwenye vibakuli, rojo na ndizi chini, maandazi na karanga juu dakika ileile ya kula, ukitangulia yanalowa. Mimi juu yake natia kijiko cha mtindi mzito wa baridi, ule wa kwenye kibuyu kama unaupata kwa wafugaji ndo usiseme, moto na baridi vinakutana mdomoni. Mtindi utie mezani, ukiutia kwenye sufuria utakatika. Watoto wape ikishapoa vizuri, rojo la sukari linashika joto muda mrefu kuliko mchuzi na linaunguza ulimi kweli.

Juni na Julai ndo baridi yenyewe na zabibu nyingi hakuna, hapo fanya hivi: chukua epo nne, menya, kata, chemsha na sukari na juisi ya ukwaju mzito nusu kikombe, kanuni zilezile, ndizi mwishoni, na ubuyu safari hii kijiko kimoja tu maana ukwaju unatosha kwa uchachu. Desemba maembe yakiwa ya kumwaga tumia yale magumumagumu yaliyoiva nusu, na hayo hayahitaji kuchujwa. Mapera yanapendeza sana pia ila mbegu zake nazo zinataka chujio. Papai nimeshaulizwa mara nyingi, jibu langu ni hapana, likipikwa linakuwa laini lisilo na msimamo na harufu inageuka, kama unalipenda kula hivyohivyo bila kupika, na ndimu.

Ikibaki usiilaze kwenye sufuria ya alminiamu, uchachu unaila sufuria na chakula kinapata ladha ya bati, ihamishie kwenye bakuli la udongo, la kioo au hata kopo la plastiki ikishapoa, kwenye friji siku tatu inakaa. Za juu ziweke peke yake kwenye kopo la mfuniko. Asubuhi itakuwa imeganda kabisa, kwa hiyo ipake kwenye mkate kama jemu au itupie kijiko kimoja kwenye uji wa ulezi wa watoto kabla hawajaanza kudai sukari.